Trela ya 1972, dola 1,800: nitarajie nini hasa?

Mzigua wa Dayton (Ohio)

Wakuu habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Nipo Dayton mwaka wa saba sasa. Mimi nafanya kazi ghalani zamu ya usiku, mke wangu anahudumia wazee, watoto watatu. Ugonjwa huu ulinianza siku nilipotumwa kupeleka mzigo Jackson Center, kale kamji kenye kiwanda cha Airstream. Nikayaona yale matrela ya alumini yamepangwa, yanang'aa kama sufuria mpya. Nikauliza bei, nikacheka peke yangu ndani ya gari. Tangu hapo kila mapumziko ya usiku naangalia picha za watu waliofufua matrela ya zamani: mapazia ya maua, makabati meupe, taa ya njano dirishani, mbwa kalala mlangoni.

Wiki iliyopita nimeonyeshwa moja. Siyo Airstream, ni haya ya kawaida, bati la alumini nje na mbao ndani, ya mwaka 1972, futi 18. Iko shambani kwa mzee mmoja upande wa Xenia, imekaa chini ya mti tangu mkewe alipofariki. Anataka dola 1,800. Anasema haina shida, ni ya kupaka rangi tu. Nimeingia ndani. Harufu ni ya mahindi yaliyonyeshewa ghalani. Kona ya nyuma, chini ya kitanda, sakafu inabonyea kidogo. Dari lina doa la rangi ya chai, ukubwa wa sinia. Tairi zina upepo. Jiko lipo, friji ipo, umeme sikuweza kuujaribu.

Mpango wangu: dola 3,000 za matengenezo juu ya bei ya kununulia. Sasa ni katikati ya Aprili, nataka tarehe 4 Julai tuwe Great Smoky Mountains kule Tennessee tumelala ndani yake. Nitaivuta kwa Toyota Sienna yetu. Baada ya hapo niikodishe wikiendi irudishe hela yake. Useremala naujua kiasi, baba alikuwa na karakana Korogwe, nimekulia kwenye maranda.

Mke wangu anasema nimerogwa. Naombeni msinifariji, aliyewahi kuifanya hii kazi aniambie ukweli.

Shamba Kwanza (Texas)

Dola 4,800 kwa kibanda chenye magurudumu? Ndugu yangu, hela hiyo kijijini unapandisha kuta mpaka kwenye linta. Mzungu mwenyewe ameitupa chini ya mti, wewe unaiokota. Mkeo asikilizwe.

Matondoni (Lowell, Massachusetts)

Mzigua mdogo wangu, marahaba.

Mimi ni mtu wa Lamu, kijiji cha Matondoni, kwetu ni mafundi wa vyombo. Baba yangu mdogo ameunda majahazi mpaka macho yalipomkatalia. Mwaka 2018, mwezi wa Oktoba, nilinunua trela ya Shasta ya 1968, futi 16, dola 900, uani kwa mama mmoja huko New Hampshire. Nikamwambia mke wangu kufika Pasaka tunalala ndani. Tulilala ndani mara ya kwanza Agosti 2021. Gharama, ukiacha vyombo vya kazi, dola 11,400. Daftari ninalo. Nimetanguliza tarakimu kwa sababu ndizo ulizokuja kuzitafuta, yanayofuata ni maelezo yake.

Tuanze na doa la chai. Maji yaliyolitia hayakuingilia pale ulipoliona. Yaliingilia kwenye mshono wa paa na ubavu, au pembeni mwa tundu la hewa, yakatambaa juu ya dari, yakashuka ndani ya ukuta, yakatuama kwenye kona ya chini. Ndiyo hiyo kona inayobonyea chini ya kitanda. Doa na kona ni ugonjwa mmoja, na baina yao pana ukuta mzima ambao hujauona. Mzee hakukudanganya, huenda. Naye hajauona.

Sasa sikiliza matrela haya yalivyoundwa, maana hapa ndipo bajeti yako inapozama. Sisi jahazi tunapanga mbao za ubavu kwanza, mataruma, yaani mbavu zake, yanafuata kwa ndani. Hawa wamekwenda kinyume. Kiwandani walilaza sakafu juu ya chesisi, wakasimamisha makabati na kuta za ndani za plaiwudi nyembamba, wakazungushia fremu ya vijiti vya msonobari vya inchi moja kwa mbili, wakajaza sufi ya kioo, na mwisho kabisa wakavisha bati. Makabati yamepigwa skrubu kutokea nje, na ndiyo yanayosaidia kubeba paa. Kwa hiyo kijiti kimoja kikioza ukutani hukifikii kwa ndani. Lazima uvue bati. Bati la ubavu halivuliki mpaka utoe ukanda wa kona, ukanda wa kona hautoki mpaka madirisha yatoke, na ukishatoa dirisha unaona alichokula panya.

Mimi nilikusudia kubadilisha kona moja. Nilipofika kwenye ule ukanda wa alumini, skrubu nikazing'oa kwa vidole, bisibisi ikabaki mfukoni. Kijiti cha nyuma yake nikakibonyeza, kikawa kama mkate wa mofa uliolala kwenye mchuzi. Nikaanza kufuata juu nikitafuta mbao kavu ya kuungia. Niliipata futi saba mbele. Usiku ule nilikaa juu ya ndoo pale uani nikampigia baba mdogo, Lamu kumeshapambazuka. Akanisikiliza, akauliza neno moja: "Mkuku mzima?" Nikamwambia chesisi ni nzima, ina kutu ya juu juu. Akasema, "Basi una chombo. Yaliyobaki ni kazi."

Kwa hiyo ukirudi Xenia, usiangalie jiko wala mapazia. Lala chini na tochi na nyundo, uifuate chesisi kutoka mdomo wa kuvutia mpaka bampa la nyuma. Gonga. Panapolia vizuri songa mbele, panapolia kama debe na kudondosha magamba simama. Nyuma ndiko huoza zaidi kwa maji ya choo na ya mvua. Tazama pale springi zinaposhikizwa, kama kuna ufa. Chesisi iliyoliwa ikatoboka au iliyopinda, mshukuru mzee, kunywa chai yake, rudi nyumbani. Ikiwa nzima, muombe ruhusa uchome mbao kwa shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, chini ya kila dirisha na kwenye kona zote nne, ndani ya makabati ambako hakuonekani. Kipimo cha unyevu cha dola 30 kinasaidia, ila shazia haina betri.

Ukishajua ubovu umefika wapi, amua unataka nini. Kuna watu wa maonyesho, hao wanatafuta mpaka kitasa cha mwaka uleule, na wana hela au wana muda, wengine wana vyote. Mimi ni wa safari. Taa zangu za LED, godoro la povu jipya, waya zote mpya. Friji sikuhangaika nayo, nilikuta kasha la barafu la zamani nikaliosha, mpaka leo tunanunua barafu njiani. Friji za gesi za zamani zikifa zimekufa, na mpya yake itazidi bei utakayonunulia hiyo trela nzima. Usiweke friji kwenye hesabu. Ikifanya kazi, iwe ni zawadi.

Hela ziliniponyoka pasipotazamiwa. Mbao na plaiwudi hazikuniumiza sana. Tairi, beringi na breki dola 640. Waya, fyuzi na boksi la umeme kama 700, pamoja na fundi mwenye leseni wa kukagua, kwa maana moto ndani ya kichumba cha mbao hauna mjadala. Lakini skrubu, gundi, msasa, ndimi za msumeno, brashi na tepu zilifika dola 1,300 na ushei. Picha za mtandaoni hazionyeshi hata kopo moja la gundi.

Muda je? Wewe ni wa zamu ya usiku na una watoto watatu. Chukua wikiendi zako, toa harusi, matanga, mpira wa watoto na siku za mvua. Baridi ikiingia gundi hazishiki na vidole havifanyi kazi, kwa hiyo hapa kwetu mwaka wa kazi ya nje ni miezi sita. Mwaka wa kwanza nilikuwa naandika saa. Zilipofika 300 nikaacha kuandika, kwa afya yangu.

Jambo moja la ufundi niliseme kwa kirefu kwa sababu hapa nina haki: kalafati. Jahazi halizamishwi na ubao, linazamishwa na mshono. Kwetu pamba iliyolowa mafuta inagongwa kwenye kila mshono mpaka ukae kimya. Kwenye trela kazi hiyo hufanywa na butili, ule utepe laini kama udongo wa kufinyanga, unaolazwa chini ya kila ukanda, kila fremu ya dirisha, kila taa ya nje. Unakaza skrubu kidogo kidogo mpaka butili ijichungulize pande zote, unaacha siku mbili tatu, unakaza tena, ndipo unakata kilichozidi. Silikoni usiiguse. Aliyekuwa na Shasta kabla yangu alipaka silikoni kila palipovuja, tabaka juu ya tabaka, kama mtu anayefunga kidonda bila kukiosha. Ikishakauka hakuna kinachoshika juu yake, na maji yaliyokwishaingia hayana pa kutokea. Wiki mbili nzima nilikuwa nakwangua. Baba mdogo aliponiona kwenye video nimeshika kisu cha plastiki aliuliza kama nimepata maradhi.

Ukimaliza, jaribu kwa mpira wa maji. Anza chini, panda taratibu dakika kumi kila sehemu, mtu awe ndani na tochi. Ukianzia juu utaona maji lakini hutajua yameingilia wapi. Na usidhani umemaliza. Jahazi hupandishwa pwani likapakwa deheni upya, nayo trela kila masika na kabla ya theluji unapita kila mshono kwa kidole.

Nawe usidhani Airstream ingekuokoa. Ganda lake ni alumini, mataruma na yote, limepigwa riveti kama ndege, lakini sakafu ni plaiwudi nayo inaoza vilevile. Kuibadilisha ipasavyo, mafundi wananyanyua ganda zima litoke kwenye chesisi. Ni kweli Wally Byam, mwanzilishi wa Airstream, aliongoza msafara wa Airstream 41 wa Cape Town hadi Cairo ulioanza mwaka 1959, lakini hizo hazikuwa zimelala chini ya mti kwanza.

Kukodisha ili irudishe hela, ondoa kabisa. Bima ya biashara ni nyingine, na mgeni mmoja atakayefungua dirisha kwa nguvu atakurudisha kwenye kalafati. Kuuza nako hivyohivyo. Yangu nilishapewa dola 6,500 na mtu aliyeipenda kwa moyo wote. Piga hesabu mwenyewe hapo hasara ni ngapi, na saa zangu sijazitia.

Dola 1,800 ni nyingi kwa yenye doa na kona. Chesisi ikiwa nzima na karatasi za umiliki zipo mkononi, mpe 400 au 500. Karatasi zikiwa hazipo, usitoe hata senti kabla ya kwenda kuuliza ofisi inayosajili magari huko kwenu. Na namba ya chesisi usishangae ikiwa fupi, zile za tarakimu na herufi 17 zilianza 1981.

Shamba Kwanza, nyumba ya Matondoni nimeshajenga, asante kwa kuniulizia.

Dereva wa Usiku (Tennessee)

Mimi nalala kwenye lori siku ishirini za mwezi, hizo karavani sitaki hata kuziona nikiwa likizo. Mzee wa Matondoni amemaliza habari ya mbao. Mimi naongeza habari ya barabara.

"Tairi zina upepo" hainiambii kitu. Tafuta ubavuni herufi DOT, mwishoni kuna tarakimu nne. 1812 maana yake wiki ya 18 ya mwaka 2012. Ukikuta tarakimu tatu tu, hiyo ni ya kabla ya 2000, hiyo hata getini isifike. Tairi ya trela inakufa kwa umri na jua hata kama michirizi yake bado mirefu. Zaidi ya miaka sita saba mimi siivuti. Kwa hiyo siku ya kuitoa shambani usiifunge nyuma ya Sienna ukasema ni maili chache tu. Tafuta mtu mwenye trela la kubebea magari aje aipakie mgongoni. Ukifika nyumbani vua magurudumu, osha beringi, zitie grisi mpya au badilisha, fungua breki uone kama panya hawajala waya zake. Ukishafunga magurudumu na kuanza safari, simama baada ya kama maili 50 ukaze tena nati. Nimeona gurudumu likimpita mwenyewe barabarani, likaenda kusimama kwenye mahindi.

Sasa hiyo Sienna. Soma kitabu chake. Nyingi zenye injini ya V6 zinaruhusiwa ratili 3,500 zikiwa na vifaa vya kuvutia, na hapo abiria na mizigo yenu navyo vinahesabiwa kwenye gari. Trela ya futi 18 ya miaka ile inaweza kukaribia ratili 3,000 ikiwa tupu, na plaiwudi mliyoongeza haimo. Galoni moja ya maji ni ratili 8.3, tangi la galoni 30 limeshakula 250. Weka sufuria, baiskeli, watoto watatu na mama yao. Umepitiliza kabla hujauona mlima, na Smoky ni milima kweli.

Uzito wa pale mbele kwenye kiungo uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa trela yote. Ukiwa mdogo, mkia unaanza kucheza, na ukicheza kwenye kasi ya maili 60 trela ndiyo inaendesha gari. Usikisie. Vituo vingi vya malori vina mizani ya CAT, unalipa dola kumi na kitu unapewa karatasi ya uzito wa kila ekseli. Mimi nitakusaidia kuisoma, nitumie picha.

Mama Baraka (Minnesota)

Shemeji zangu hamjambo. Mzigua, mimi ni muuguzi na pia nina kitrela, kwa hiyo nina ya kazini na ya nyumbani.

Ya kazini. Kinyesi cha panya usikifagie kikiwa kikavu. Vaa barakoa na glavu, nyunyizia maji yenye dawa ya klorini, acha dakika tano, futa kwa karatasi. Rangi ya kabla ya 1978 inaweza kuwa na madini ya risasi, basi usiipige msasa mkavu watoto wakiwa karibu, nunua kifaa cha kupimia kwanza. Gesi: mabomba, koki na kirekebisha shinikizo vya mwaka 1972 visijaribiwe na kiberiti. Mwite fundi apime mfumo mzima. Hita za zamani mimi ningeng'oa. Mnakumbuka kwetu habari za watu waliolala na jiko la mkaa wakafunga dirisha? Hewa ni ileile, haina harufu wala haigongi mlango. Weka king'ora cha kaboni monoksaidi na cha gesi kabla ya kuweka mapazia.

Ya nyumbani. Sisi tulikimbia mbao kabisa. Tulinunua Scamp ya futi 13, zinatengenezwa hapahapa Minnesota, Backus. Mwili wake ni vipande viwili vya faiba vilivyokutanishwa katikati kama bakuli na kifuniko chake, fremu ya vijiti haina. Ilikuwa ya 1986, tulilipa dola 5,500 na majirani wakatucheka. Tulibadilisha riveti zilizokuwa zinavuja, kipande cha sakafu mlangoni, tairi na mito. Miezi miwili, kama dola 1,100. Ni nyepesi, Sienna yako isingelalamika. Ubaya wake, ninyi ni watano. Sisi ni watatu na bado mume wangu analala miguu ikiwa kabatini.

Halafu Smoky tulikwenda. Kambi nyingi za ndani ya hifadhi hazina umeme wala bafu za kuogea, na watu wanafurahi tu. Julai hii nendeni na hema. Watoto hawakuuliza taa ya njano dirishani, hiyo ni yako wewe. Kambi za watu binafsi ndizo zenye maringo, nyingine zinakataa trela iliyozidi miaka 10, ingawa ukiwatumia picha na imetengenezwa vizuri wanalainika.

Mzigua wa Dayton (Ohio)

Wakuu nimerudi, na samahani kwa kimya cha wiki mbili.

Nilikwenda Xenia Jumamosi na shazia, tochi na mke wangu (alitaka kushuhudia, alisema). Chesisi nimeigonga yote. Inalia vizuri mpaka futi mbili za mwisho nyuma, pale upande wa kulia kuna magamba, lakini haijatoboka, rafiki yangu anayechomelea vyuma anasema anaweza kuunga kwa dola 300. Shazia imeingia mpaka mpini kwenye kona mbili za nyuma na chini ya dirisha kubwa. Mbele ni pakavu, kipimo kilisoma vizuri. DOT ilikuwa ya tarakimu tatu. Dereva wa Usiku, nilicheka pale chini mpaka mzee akauliza kuna nini.

Tulimwonyesha mzee shazia ilivyozama. Alinyamaza, kisha akasema mkewe alikuwa akilalamika kila wakati kwamba upande wake wa kitanda una unyevu, naye akimwambia ni jasho. Basi. Amenipa kwa dola 350, karatasi zipo kwa jina lake, tumeshabadilisha.

Bajeti mpya tumeiandika na mke wangu kwenye mlango wa friji: dola 8,000, miaka mitatu, na sharti lake ni kwamba kila mwezi nisizidi dola 200 na Jumapili ni ya kanisa na watoto. Gari la kuvutia tutaliwaza likifika la kuvutwa. Kukodisha nimefuta kwa mkono wangu. Julai tunaenda na hema, Mama Baraka, nimenunua la watu sita.

Matondoni mzee wangu, trela iko uani tangu jana juu ya vigogo vinne. Nianze wapi? Nimetamani kuvua bati lote leo leo.

Matondoni (Lowell, Massachusetts)

Hongera, na mpe shemeji salamu zangu, hilo sharti la dola 200 lingeniokoa mimi.

Usivue bati lote. Ukilivua lote umbo litalegea, na ukishapoteza umbo la ubavu hutajua duara lilikata wapi. Leo nunua turubai kubwa na uifunike, mvua za Mei zinakuja. Kesho piga picha kila upande, kila kona, kila kabati ndani na nje, mpaka ujione mjinga, kisha zidisha mara mbili. Andika namba kwenye kila ukanda kwa kalamu ya rangi, skrubu za kila ukanda mfuko wake. Ndipo uingie upande mmoja tu, huo wa nyuma kulia, ukiacha wa pili ukiwa mzima uwe mwalimu wako. Kijiti kibovu usikitupe hata kikiwa unga. Kilaze juu ya kipya uchore, ndipo ukate. Paa litegemeze kwa ndani kwa mbao mbili za inchi mbili kwa nne na jeki ndogo kabla hujatoa kabati lolote.

Kile kipande cha kwanza cha ukanda wa kona utakachotoa, nipigie video. Nataka nione kama skrubu zinatoka kwa vidole.

Uliponiuliza mwanzo ulitaka ukweli, na nilikupa wa hasara. Huu nao uuweke. Ile Agosti tuliilaza kambini Maine, usiku wa pili ikanyesha mvua ya kutwanga, bati likawa linalia kama ngoma ya harusi. Mke wangu na wanangu wakalala. Mimi niliamka saa nane, saa tisa, na saa kumi, gizani, nikazipapasa kona zote nne kwa kiganja. Kavu. Asubuhi mke wangu akaniuliza nilikuwa natafuta nini ukutani, nikamwambia swichi.